Advansi ya Watu

Kabla Ramadhani haijafika nusu, fundi cherehani mmoja wa Ngamiani, Tanga, alikuwa ameshapokea shilingi 750,000. Wateja 60 walimletea vitambaa vya Idi, huyu na kitenge, yule na satini, mwingine na leso ya kumshonea bintiye. Bei ya kushona gauni moja ilikuwa 25,000, na kila mteja aliacha nusu, yaani 12,500. Nyingine ziliingia kwenye droo ya meza ya kukatia, nyingine zikaingia kwenye simu. Siku ya Idi, watu wakirudi kutoka kuswali, fremu ya fundi ilikuwa na kufuli, simu yake imezimwa, na magauni 22 yalikuwa bado vitambaa.

Fundi huyu simpi jina, kwa sababu nimemuunga kutokana na mafundi wengi, pamoja na wapambaji wa kumbi, wapiga picha za harusi na mafundi seremala, wote wanaofanya kazi kwa utaratibu uleule wa kupokea fedha kwanza na kutoa kazi baadaye. Hesabu zake nimezipanga hapa moja baada ya nyingine ili msomaji azifuate kwa kalamu akitaka. Mikono yake ilikuwa hodari, wateja anao, bei yake ya haki. Kilichomwangusha ni kutoandika.

Ramadhani ilimkuta na 60,000 taslimu. Ukijumlisha na advansi za wateja unapata 810,000, na mtu aliyezoea kuona elfu hamsini au sitini kwenye droo hawezi kulaumiwa akihisi kwamba mwaka huu mambo yamemnyookea. Wiki ya pili shule ya mtoto ikamkumbusha ada, akalipa 320,000. Harusi ya binamu yake ilikuwa imepangwa Mfungo Mosi, kamati ikampigia, akatoa mchango wa 100,000. Kisha akatokea mtu anauza friji ya mtumba iliyo nzima, 350,000, naye kwa miaka alikuwa akinunua barafu kwa jirani kila magharibi. Akainunua. Hakuna hata moja kati ya haya ambalo mtu mwenye akili angeliita anasa. Jumla yake ni 770,000. Droo ikabaki na 40,000, kazi zote 60 zikiwa bado hazijaguswa, maana kila mwaka kazi ya Idi hushika kasi likiingia kumi la mwisho.

Sasa angalia gharama ya kazi yenyewe. Kila gauni lilihitaji uzi, zipu, vifungo na kipande cha bitana, vyote pamoja 2,000. Vijana wake wawili walishona kwa kipande, 6,000 kwa gauni, na walilipwa kila jioni wanapomaliza, kwa kuwa nao wana nyumba zinazosubiri futari. Kwa hiyo kila gauni lilidai 8,000 kabla halijatoka mlangoni, na magauni 60 yalidai 480,000. Weka na luku ya 30,000 ya mwezi. Kazi ilihitaji 510,000 ili ikamilike, na fundi alikuwa na 40,000.

Kijana mkubwa ndiye aliyemwambia kwanza.

“Dada, bitana imekwisha. Na sisi ya jana hujatupa.”

“Shoneni hizo zilizokatwa, nakwenda mjini mara moja.”

Alikokwenda ni kwa wale wanaokopesha papo kwa papo bila maswali, mkopo ambao mitaani kwetu unaitwa kausha damu. Akachukua 300,000 kwa sharti la kurudisha 390,000 baada ya mwezi. Akawa na 340,000. Akanunua luku ya 30,000, akawalipa vijana na kununua vifaa vya magauni 38, ambavyo ni 304,000, akabakiwa na 6,000. Gauni la 39 halikuwa na uzi wala wa kulishona. Wala hakuweza kutegemea masalio ya wateja, kwa sababu wateja wa Idi hawaji kuchukua nguo siku tano kabla. Wanakuja usiku wa kuamkia sikukuu, wote kwa pamoja, na nusu ya pili ya fedha wanakuja nayo usiku huohuo.

Usiku ule mlangoni palikuwa na mama mmoja aliyekuwa amekuja mara tatu.

“Fundi, gauni langu?”

“Bado kidogo tu, mama yangu. Njoo baada ya isha.”

“Hiyo baada ya isha ulinipa jana. Nilikupa elfu kumi na tano nzima, na mwanangu hana kingine cha kuvaa kesho.”

“Elfu kumi na mbili na mia tano, mama.”

“Kumi na tano. Fungua daftari tuone.”

Fundi akafungua daftari. Lilikuwa daftari la vipimo, limechakaa kwa kushikwa na mikono yenye chaki, na humo mlikuwa na kifua 38, kiuno 31 na nusu, nyonga 42, urefu 56, mkono wa kengele, shingo ya boti. Jina la mama lilikuwapo. Kitambaa chake kilikuwa kimeelezwa rangi na maua yake. Pa fedha hapakuwa na kitu. Watu waliokuwa wamepanga foleni nje wakasikia, na tangu hapo kila aliyefika mezani alikuwa na kiwango chake cha advansi, na fundi hakuwa na la kuonyesha.

Ukurasa ule ndio ninaotaka msomaji autazame sana. Tunasema mara nyingi kwamba mafundi wetu hawaandiki hesabu kwa sababu hawakusoma, au kwa sababu uhasibu ni kazi ya watu wa ofisini. Si kweli. Mtu anayeandika kiuno cha mteja hadi nusu inchi, akaweka na aina ya mkono na shingo, anajua kuandika. Anajua pia kwa nini anaandika: mwili wa mtu haukumbukiki, ukiubahatisha unaharibu kitambaa cha watu. Fedha nayo haikumbukiki. Mstari uleule wenye kifua na kiuno ungebeba mambo mengine manne, yaani tarehe, bei tuliyopatana, alichotoa, na kinachobaki. Mama angesoma mwenyewe, na foleni ingesikia namba moja tu.

Siku ya tatu baada ya Idi, ndugu zake wakamletea mzee wa mtaa, karani wa hesabu aliyestaafu. Fundi akampa mkono kwa unyonge.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Lete simu yako, na hilo daftari, na kila kikaratasi kilichomo kwenye hiyo droo.”

Akakaa navyo tangu asubuhi hadi alasiri. Ujumbe wa fedha kwenye simu ulimsaidia, kwa kuwa kila uliopokelewa na kila uliotumwa una tarehe na saa. Ila ulikuwa umechanganyika: advansi ya mteja, hapo chini yake fedha ya mtoto ya nauli, chini yake luku ya nyumbani, chini yake luku ya fremu, vyote namba moja. Fedha iliyopita mkononi haikuwa na alama yoyote. Alipomaliza akauliza swali moja.

“Zile laki saba na nusu zilikuwa za nani?”

“Zangu, mzee. Wateja wenyewe walinipa.”

“Zako kwa kazi ipi uliyokuwa umeimaliza?”

Fundi hakujibu, na mzee akageuza daftari upande wa pili, akaanza kuandika. Aliyoyaandika ni hesabu za mwanzo kabisa ambazo mwanafunzi wa biashara hufundishwa. Ninazieleza kwa matukio ya fremu hii kwa sababu ndivyo zinavyoeleweka.

Kila muamala una pande mbili. Fundi alipoanza biashara mwaka uliotangulia kwa akiba yake ya 1,500,000, fedha taslimu iliongezeka kwa kiasi hicho, na upande wa pili ukaandikwa mtaji wa mwenye biashara, kiasi hichohicho. Aliponunua mashine ya ovaloki kwa 700,000, fedha ilipungua na vifaa vikaongezeka, bila biashara kuwa maskini wala tajiri zaidi. Mali ya biashara wakati wote ni sawa na madeni yake kuongeza mtaji wa mwenyewe. Ikiwa pande hazilingani, kuna kitu kimesahauliwa, na hiyo ndiyo faida ya kuandika pande mbili, kwamba kosa linajitokeza lenyewe.

Mteja akiacha 12,500, fedha inaongezeka kwa 12,500. Upande wa pili unaandikwa nini? Hapa ndipo fundi alipoanguka, na wengi wanaanguka hapo. Upande wa pili si mapato, ni deni. Biashara inadaiwa kazi na yule mteja, na mpaka gauni lishonwe na kukabidhiwa, zile 12,500 ni za mteja zilizowekwa kwa fundi. Siku ya kukabidhi, mteja analeta 12,500 nyingine, deni la 12,500 linafutwa, na ndipo mapato ya 25,000 yanapoandikwa, yote kwa pamoja. Fundi aliyeandika hivi angefika katikati ya Ramadhani na daftari linalomwonyesha mistari miwili: fedha mkononi 810,000, deni la kazi kwa wateja 750,000. Chake halisi humo kilikuwa 60,000.

Alipolipa ada, mchango na friji, vile navyo vilikuwa na upande wa pili. Havikuwa matumizi ya biashara. Ni fedha ambazo mwenye mali amejichukulia, na huandikwa kwenye akaunti yake mwenyewe, ikipunguza mtaji. Kuchukua si dhambi, biashara ni yake na inamlisha. Lakini ikiandikwa kama alichochukua mwenyewe, ataiona ikikua: 320,000, kisha 420,000, kisha 770,000, mbele ya mtaji ambao haukuwa na nguvu hiyo.

Mzee alipofunga hesabu za mwezi, jambo la kushangaza likatokea. Magauni 38 yaliyokabidhiwa yalileta mapato ya 950,000. Toa vijana na vifaa 304,000. Toa kodi ya pango ya mwezi 80,000. Toa luku 30,000. Toa riba ya kausha damu 90,000. Toa uchakavu wa ovaloki, kwa kuwa mashine ya 700,000 itakayotumika miaka 5 inakula 140,000 kwa mwaka, karibu 11,700 kwa mwezi. Inabaki faida ya 434,000 na kidogo. Katika mwezi uliomfanya ajifungie ndani, biashara ilikuwa imepata faida.

Ila faida na fedha mkononi si kitu kimoja. Masalio ya magauni 38 yalimpa 475,000, akajumlisha na ile 6,000, akawa na 481,000. Kausha damu alimdai 390,000. Wateja 22 walimdai advansi zao, 275,000. Madeni 665,000, fedha 481,000. Pengo ni 184,000, na kwa pengo hilo aliuza ovaloki kwa 380,000. Leo nguo zake anapeleka kwa jirani kufungwa pindo, 1,000 kila moja.

Kuna hesabu nyingine ambayo mzee hakuipigia kelele, aliiacha tu kwenye karatasi. Magauni yote 60 yangeshonwa bila mkopo, faida ingekuwa 898,300. Ada, mchango na friji ni 770,000. Vyote vitatu vingelipika na zaidi ya laki moja ikabaki. Hata kabla ya Idi, kama angetenga kwanza 510,000 za kumalizia kazi za watu na kuziweka mbali na droo, zingebaki 300,000, ada ingepungukiwa na 20,000 tu, na shule nyingi zinampokea mzazi aliyelipa kiasi hicho. Harusi na friji ndivyo vingesubiri wiki mbili.

Kulikuwa pia na jambo la sare. Mwezi wa kwanza alishona sare 40 za shule moja kwa 15,000 kila moja, jumla 600,000. Akapewa 200,000, akaambiwa nyingine mwisho wa muhula. Hakuandika ankara, wala karatasi ya makabidhiano yenye sahihi ya aliyepokea. Alipofuatilia, mhasibu aliyepatana naye alikuwa ameshahama, na mpya akamwambia kumbukumbu za shule zinaonyesha salio la 250,000. Fundi alijua ni 400,000. Kujua peke yake hakumsaidii mtu mbele ya dawati la mhasibu. Sare zilipokabidhiwa ilitakiwa iandikwe mapato 600,000, fedha 200,000, na mdaiwa wa 400,000, na nakala ya ankara iliyotiwa sahihi ibaki kwake. Alichukua 250,000 aliyopewa.

Kodi ya pango sitaieleza sana. Analipa miezi 6 kwa mkupuo, 480,000. Inaandikwa kuwa ni kodi iliyolipwa kabla, na kila mwezi unapokwisha 80,000 zinahamia kwenye matumizi. Asiyefanya hivyo huona mwezi mmoja wa hasara kubwa na mitano ya uongo.

Mji wa Tanga una madrasa nyingi, na watu waliokuwa kwenye foleni ile wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni la muda maalumu: aandike mwandishi kwa uadilifu, wawepo mashahidi, watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Biashara ya papo kwa papo, ya mkono kwa mkono, imepewa nafuu. Gauni la Idi lenye advansi si papo kwa papo. Ni ahadi yenye tarehe. Na ule utaratibu wa pande mbili alioutumia mzee si mgeni wa jana: mwaka 1494 mtawa wa Kifransisko, Luca Pacioli, alichapisha Venice kitabu cha hisabati ambamo aliueleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyokuwa wakiutumia.

Serikali nayo ina neno lake, na hapa kuandika kunalipa kwa shilingi kabisa. Katika jedwali la kodi ya makadirio la Tanzania lililotumika miaka ya karibuni, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu alitozwa 250,000. Mwenye kumbukumbu kamili alitozwa 90,000, kuongeza asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 7. Fundi mwenye mauzo ya milioni 8 aliyeandika alilipa 120,000. Aliyekaa naye fremu ya pili bila daftari, kwa mauzo yaleyale, alilipa zaidi ya mara mbili. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu hizo zitunzwe kwa miaka 5, kwa hiyo daftari likijaa halifungiwi vitumbua.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Kauntabuku moja, kitabu cha stakabadhi chenye nakala, kalamu ya wino. Penseli haifai, kwa sababu namba iliyofutwa haina heshima mbele ya mteja wala mbele ya afisa. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika namba iliyo sahihi pembeni, weka saini. Namba ya simu ya biashara iwe mbali na ya nyumbani, na makato ya kutoa fedha kwa wakala yaandikwe kuwa matumizi, maana yakijumlishwa kwa mwezi ni uzi wa magauni mengi. Andika mteja akiwa bado amesimama mbele yako, mwache asome, mpe stakabadhi. Jioni hesabu droo na salio la simu, linganisha na daftari. Pakiwa na tofauti ya 2,000 leo utaikumbuka sababu. Wiki ijayo hutaikumbuka.

Fundi wa Ngamiani bado anashona. Daftari lake la vipimo sasa lina safu nne zaidi upande wa kulia, na wateja wapya wanatia saini kwenye safu ya salio. Wewe nawe kama droo yako leo ina advansi ya mtu, usingoje mwezi mpya wala mwaka mpya wa fedha. Chukua daftari ulilonalo, lipigie mstari pembeni, uandike jina lake na kiasi alichoacha kabla hujafunga mlango.